Hamburg hadi Dar na watoto wawili, mama yao yuko zamu

Mimi ni fundi magari, mzaliwa wa Tanga, riziki yangu iko Hamburg. Gereji tunajua kuwa bomba huvuja kwenye maungio, mara chache katikati. Safari ya ndege na watoto ni vivyo hivyo. Zile saa saba kutoka Istanbul hadi Dar es Salaam hupita, hata ukizihesabu dakika kwa dakika. Pabaya ni pale unapotoka hatua moja kuingia nyingine: dirisha la polisi wa mpakani, mashine ya ukaguzi, na hasa ile nusu saa ndege inaposhuka. Desemba iliyopita nilisafiri na binti yangu wa miezi 11 na kaka yake wa miaka mitatu. Mama yao ni muuguzi, likizo ilimkatalia. Tangu nirudi, simu haziishi za wenzangu wanaotaka kujua nilifanyaje.

Anza na karatasi. Ujerumani ile pasipoti maalumu ya watoto ilifutwa Januari 2024, ile uliyokuwa unaondoka nayo mkononi siku hiyo hiyo. Sasa hata kichanga anaombewa pasipoti ya kawaida, yuro 37.50, inayodumu miaka sita, na inachukua wiki kadhaa. Kama wanao wana pasipoti za Kijerumani kama wangu, kila mmoja anahitaji viza yake ya Tanzania na fomu yake ya mtandaoni, hata huyo asiyejua kutambaa. Na ukipitia Addis Ababa au Nairobi ukakaa huko zaidi ya saa 12, mtoto aliyetimiza mwaka mmoja ataulizwa kadi ya homa ya manjano akifika Tanzania. Chanjo yenyewe inahesabika baada ya siku 10, kwa hiyo kuchanja usiku wa kuamkia safari ni kazi bure.

Halafu barua. Mzazi unayesafiri bila mwenzako, usitoke nyumbani bila barua ya ridhaa yenye sahihi yake. Mke wangu aliandika kwa Kijerumani na Kiingereza majina ya watoto, tarehe za kwenda na kurudi, tunakofikia, na namba yake ya simu. Tukaambatanisha nakala ya pasipoti yake na vyeti vya kuzaliwa, maana watoto wanatumia jina la ukoo la mama yao na mimi naonekana kama mpita njia. Pale dirishani afisa alimwuliza kijana wangu, "Huyu ni nani?" Mtoto akanitaja kwa jina langu, sauti kavu, kama anayemtaja jirani wa ghorofa ya tatu. Afisa alicheka, lakini barua aliisoma yote mpaka mwisho.

Kwenye tiketi, mtoto wa chini ya miaka miwili hupakatwa, na kwenye safari nyingi za kimataifa hulipiwa kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Angalia pia tarehe ya kurudi: akitimiza miaka miwili mkiwa Tanga, kurudi atahitaji kiti chake. Mtu mzima mmoja anapakata mtoto mmoja, basi. Mara baada ya kununua tiketi, piga simu uombe kile kitanda kidogo kinachopachikwa ukutani mbele ya viti vya kwanza. Ni vichache, na kikomo cha uzito kinategemea shirika. Nilikopanda mimi kilikuwa kilo 11 na binti alikuwa na tisa na nusu. Lakini kitanda hicho kina kero zake. Mikono ya viti vya hapo hainyanyuki, begi huruhusiwi kuweka sakafuni ndege ikipaa au ikitua, na kila taa ya mkanda inapowaka lazima umtoe mtoto, hata kama amelala dakika nne zilizopita. Usishangae pia ukihamishwa kiti. Barakoa za oksijeni za ziada zinahesabika kwa kila safu, na vichanga wawili hawawezi kurundikwa upande mmoja.

Mama yangu alinitumia doti ya kanga kutoka Tanga. Akaniambia kwenye simu, "Baba, hicho kigari cha kusukumia mtoto kitakuacha njiani." Kweli kiliniacha: nilikikabidhi mlangoni pa ndege Hamburg kikiwa na lebo yake, nikakiona tena Dar siku ya tatu. Kanga moja ilikuwa mbeleko, na uwanja wa Istanbul ni mkubwa kweli, nadhani nilitembea nusu saa na binti mgongoni na kaka yake mkononi. Ya pili ilikuwa shuka, taulo, pazia la kumzuia mtoto asiduwae na taa, na mwisho ikawa kitambaa cha kufutia matapishi. Kwenye ukaguzi utaambiwa umfungue mtoto mgongoni, kwa hiyo fanya mazoezi ya kumfunga upya bila msaada wa mtu. Wanaume wenzangu, mnanielewa. Mfungie mbele ya kochi, akidondoka adondokee laini.

Maziwa, uji na chakula cha mtoto havifungwi na sheria ya mililita 100. Vitoe kwenye begi mwenyewe na useme ni vya nani, watavipima na kukurudishia. Maziwa ya kopo mimi nabeba unga tu, kipimo cha chupa moja kwenye kikopo chake kikavu, kisha naomba maji ya moto na ya baridi kwa mhudumu. Maji ya bomba la chooni usiyaguse. Maziwa yakishakorogwa na kukaa saa mbili bila kunywewa, mwaga. Nepi chafu zitie kwenye kimfuko cha kitambaa kisichopitisha maji. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, usiingie nayo.

Sasa masikio, na hapa nitakaa kidogo. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna mrija unaoshuka hadi kooni. Kwa mtoto mrija huo ni mwembamba na umelala, haujainama kama wetu. Ndege ikipanda, hewa ya ndani inatoka yenyewe bila shida. Ikishuka, hewa inatakiwa irudi ndani, na mrija unabana kama valvu ya njia moja. Kinachoufungua ni kumeza. Ndiyo maana kilio kikubwa unakisikia wakati wa kutua.

Mimi hili nilijifunza kwa aibu. Safari ya kwanza, kijana akiwa na miezi minane, nilimpa chupa nzima mara tu tulipofunga mikanda. Tukakaa kwenye foleni ya kuruka dakika 40. Chupa iliisha tungali chini. Tulipoanza kushuka alikuwa ameshiba, amelala fofofo, na akaamka anapiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia tena. Nyuma yangu alikuwa bibi mmoja, lafudhi ya Unguja. Akainama akasema, "Baba, mpe hata ncha ya kanga anyonye." Nikampa. Hakunyamaza, lakini alipunguza.

Siku hizi nafanya hivi. Chupa ya kwanza haitoki mpaka injini ziungurume kwa ajili ya kuruka, na inakuwa nusu. Ya pili naiweka kama akiba ya vita. Natazama ramani kwenye skrini: ile namba ya mwinuko ikitoka kwenye mita elfu 11 hivi na kuanza kupungua, namwamsha na kumpa, hata kama ana usingizi mtamu. Ukisubiri tangazo la kufunga mikanda umechelewa. Anayenyonya titi kwa mama yake ni rahisi zaidi. Mimi sikuwa nalo. Mkubwa nampa juisi kwa mrija, anywe kidogokidogo, tunashindana nani atakawia kumaliza. Kama mtoto ana mafua makali au sikio linauma, mwone daktari kabla ya safari. Na zile dawa za mafua ambazo watu wanazitumia kumlaza mtoto, achana nazo: zina hatari kwa wadogo, na wengine zinawapandisha mori badala ya kuwalaza.

Midoli? Kikombe cha plastiki na kijiko vilitosha. Kila mtu anakuambia ununue vitu vipya, mwanangu alicheza na mkanda.

Istanbul saa yake ni sawa na ya Dar mwaka mzima. Kwa hiyo hapo hapo nilianza kuwalisha na kuwalaza kwa saa ya nyumbani. Badilisha nepi zote kabla ya kupanda tena, maana ubao wa kubadilishia ndani ya ndege uko juu ya choo, na mtoto wa kilo tisa anaujaza wote. Beba fulana yako mwenyewe ya akiba. Watu wanabeba nguo sita za mtoto na hawabebi hata moja yao, halafu wanaonuka kwa saa sita nzima ni wao.

Tulitua Terminal 3 saa tisa usiku, joto limesimama mlangoni. Vua masweta ndani ya ndege, siyo kwenye foleni ya uhamiaji. Usianze safari ya Tanga usiku huo, ni zaidi ya kilomita 300 na watoto wameshachoka. Sisi tulilala kwa dada yangu, mtaa wa Sinza hapo Dar. Na fulana moja safi ya kila mtoto ifiche chini kabisa ya begi mpaka mchukue mizigo, kwa sababu nje ya ule mlango kuna bibi yao, ameshawasha kamera ya simu.