Kuchagua pawasaplai inayoiweza kadi yako ya grafiki

Hesabu ya pawasaplai, yaani kifaa kinachoipa kompyuta umeme, huanzia kwenye kadi yenyewe. Kabla ya kwenda dukani, tafuta sifa za kadi unayoitaka na uandike mambo matatu: wati inazotumia, pawasaplai inayopendekezwa na mtengenezaji, na aina ya soketi ya umeme iliyo ubavuni mwake. Tuchukue mfano wa GeForce RTX 3060, ambayo hutumia wati 170 ilhali NVIDIA inapendekeza pawasaplai ya wati 550, tofauti inayowafanya wanunuzi wengi wahisi kwamba wanashawishiwa kutoa fedha bila sababu.

Sababu ipo, kwa kuwa pendekezo hilo ni la kompyuta nzima. Prosesa ya Core i5-12400F, ingawa hutajwa kuwa ya wati 65, inaweza kupanda hadi wati 117 inapobanwa na kazi. Ukiongeza wati 50 hivi za ubao mama, RAM, diski na feni, jumla inakaribia 340. Tena, kadi za kisasa huvuta umeme kwa kushtukiza: kwa muda mfupi mno, usiofikia hata sehemu ya mia ya sekunde, matumizi yanaweza kuruka juu sana ya kiwango kilichoandikwa, na pawasaplai isiyo na akiba ya kutosha huuona mruko huo kuwa hatari ikajizima. Kompyuta inayozimika ghafla mchezo unapopamba moto, bila ujumbe wowote wa hitilafu, kisha ikawaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea, mara nyingi ina tatizo hilo.

Hata hivyo, wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi zisikutoshe. Igeuze pawasaplai, utafute kibandiko chenye jedwali, na usome safu ya +12V, yaani ya umeme wa volti 12, kwa sababu kadi ya grafiki na prosesa hupata karibu umeme wao wote hapo. Zidisha ampea za safu hiyo kwa 12. Pawasaplai ya wati 550 yenye ampea 45 inatoa wati 540, na hiyo imeandikwa kwa uaminifu. Lakini iliyojiita ya wati 500 huku ikiwa na ampea 18 tu inatoa wati 216, na kuipa RTX 3060 pamoja na prosesa tuliyoitaja ni kujitafutia hasara. Ukikuta +12V imegawanywa mara mbili, usijumlishe ampea zake. Soma wati za pamoja zilizoandikwa chini ya safu hizo.

Soketi nazo zinahitaji umakini. Nafasi ya PCI Express, ile inamochomekwa kadi kwenye ubao mama, hutoa wati 75, plagi ya pini 6 wati 75 nyingine, na ya pini 8 wati 150, hivyo RTX 3060 nyingi hutosheka na plagi moja ya pini 8. Plagi ya kadi hugawanyika pini 6 na 2, ilhali ya prosesa hugawanyika 4 na 4. Zinafanana kwa macho lakini waya zake zimepangwa kinyume, kwa hiyo plagi inayokataa kuingia usiilazimishe. Kiunganishi cha kugeuza plagi ya SATA, ile ya kuipa diski umeme, kuwa ya pini 8 kikatae hata ukipewa bure: plagi ya SATA imeundwa kubeba wati 54 tu kwenye +12V, na ikizidiwa huyeyuka. Vilevile, waya za kuchomoa za pawasaplai moja usizihamishie kwenye ya kampuni nyingine, kwani upande unaoingia kwenye pawasaplai hauna mpangilio wa pamoja na diski zinaweza kuungua.

Wenye kompyuta za ofisini zilizotumika wana kikwazo chao. Dell OptiPlex 9020 ya umbo la mnara ina pawasaplai ya wati 290, na plagi ya ubao wake si ile ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo kubadilisha kunahitaji kiunganishi maalumu. Kwa mashine kama hiyo ningechagua GTX 1650 isiyo na soketi ya umeme, inayoridhika na wati 75 za ubao mama.

Alama ya 80 Plus hupima ufanisi, wala haisemi mengi kuhusu kinga za ndani. Kompyuta ikihitaji wati 300, pawasaplai yenye ufanisi wa asilimia 85 itavuta ukutani wati 353, na yenye asilimia 90 itavuta 333. Kwa anayecheza saa nne kila siku, tofauti hiyo ni uniti mbili na kitu za LUKU kwa mwezi. Nafuu ipo, lakini ni ndogo.

Ukitumia UPS, yaani betri ya akiba ya umeme ukikatika, linganisha wati zake na jumla uliyoipata, kwa maana namba kubwa ya VA inayotangazwa huwa juu ya wati halisi: nyingi za VA 650 hazifiki wati 400.

Baada ya kufunga, endesha mchezo mzito kwa nusu saa huku programu ya kuonyesha vipimo vya kompyuta kama HWiNFO ikiwa wazi, na uangalie usomaji wa +12V. Ukibaki kati ya volti 11.4 na 12.6, uko ndani ya kiwango. Ukishuka chini ya hapo kila kadi inapopata kazi, rudisha pawasaplai dukani kabla dhamana haijaisha.