Unaenda nyumbani likizo toka Marekani? Kagua karatasi kabla ya kukata tiketi

Wadogo zangu mnaosoma Marekani kwa viza ya F-1, najua likizo ikikaribia moyo unakuwa ushafika nyumbani, mama anapiga simu kila wiki unakuja lini, bei ya tiketi ikishuka tu mkono unawasha. Tulia kwanza. Kutoka si kazi, kazi ni kurudi, na karatasi ambayo ukiwa chuoni unairekebisha kwa emeili moja ukishakuwa Nairobi na masomo yanaanza wiki ijayo inakunyima usingizi.

Anza na viza, wengi wanachanganya hapa. Viza ni ya kuingilia. Ikiisha ukiwa ndani, I-20 yako (ile fomu ya chuo inayothibitisha we ni mwanafunzi wao) iko hai na masomo unachukua kamili, hujavunja sheria yoyote, we soma. Ila ukishatoka, kurudi unahitaji viza mpya na intavyuu upya. Tangu Septemba 2025 karibu kila mtu lazima afike mwenyewe ubalozini, ule utaratibu wa kutuma pasipoti bila intavyuu wanafunzi hatunao tena, alafu wanataka uombe kwenye nchi yako au unayoishi kihalali, kwa hiyo habari ya kukimbilia nchi nyingine kisa foleni yao fupi sahau.

Ndugu zangu wa Burundi na Tanzania hapa nisikilizeni vizuri sana. Burundi iliwekewa vikwazo vya viza Juni 2025, Tanzania ikafuata kuanzia 1 Januari 2026, na viza za wanafunzi zimo. Viza zilizokuwa zimeshatolewa hazikufutwa na matangazo hayo, ila kama yako imeisha au inaishia katikati ya likizo, naomba usitoke kabla hujakaa na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo chako mkaangalia hali ilivyo wiki hiyo, maana haya mambo yanabadilika. Najua inauma, hasa kukiwa na msiba, lakini kufungiwa nje na umebakiza mwaka mmoja wa digrii inauma miaka mingi.

Kama unaweza kuomba viza, jaza DS-160, yaani fomu ya maombi ya mtandaoni, ada ni dola 185. Ile dola 350 ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, hulipi tena kama namba yako ya SEVIS ni ile ile. Akaunti zako za mitandao ziandike zote za miaka mitano na uziweke wazi kwa watu wote, wanazipitia kweli. Beba matokeo yako ya chuo, barua kwamba bado unasoma, na ushahidi wa nani analipa ada. Apointimenti itafute kabla ya tiketi.

Sasa I-20. Fungua ukurasa wa pili uone saini ya safari ya ofisa wa chuo, inadumu mwaka mmoja, ila mkiwa kwenye OPT (ruhusa ya kufanya kazi inayoendana na masomo yako) ni miezi sita tu na mbebe pia kadi ya kazi na barua ya mwajiri. Omba saini wiki kadhaa kabla, mwisho wa muhula ofisi zinajaa. Pasipoti iwe na miezi sita mbele. Na ukikaa nje zaidi ya miezi mitano mfululizo unaweza kutakiwa kuanza upya na I-20 mpya, usijisahau.

Njia unayopita nayo iangalie. Mwenye pasipoti ya Kongo DRC anahitaji viza hata ya kubadilisha ndege tu kwenye viwanja vya Ulaya ya Schengen (nchi zinazotumia viza moja, Ufaransa ikiwemo), japo akiwa na viza hai ya Marekani anasamehewa, kwa hiyo ile tiketi ya bei poa ya kupitia Paris inaweza kumkwamisha aliyeishiwa viza.

Siku ya safari I-20, pasipoti na barua zako ziwe kwenye begi la mkononi, kamwe usizitie kwenye sanduku linaloenda chini ya ndege, afisa wa uhamiaji anazitaka kabla hujaliona sanduku. Mjibu kwa ufupi na ukweli: nasoma wapi, nini, namaliza lini.

Ukishafika usilale kabla hujaingia kwenye tovuti ya I-94, rekodi ya kuingia kwako Marekani, ukaipakua. Hakiki jina, tarehe ya kuingia, na kwamba umeandikwa F-1 sio mtalii. Ukiona kosa peleka ofisi ya chuo kesho yake asubuhi, watakuelekeza pa kurekebishia.