Magurudumu ya mazoezi na mashindano: anza na la nyuma

Nina kilo 86, na sijawahi kukata spoku (njiti ya chuma ya gurudumu) ya mbele. Zote nilizokata, na ni tano kwa hesabu ninayoikumbuka, zilikuwa za nyuma. Kwa hiyo ukiniuliza ununue nini ili jozi moja ya magurudumu ya baiskeli ikufae katika mazoezi ya wiki nzima na bado uingie nayo mashindanoni, nitakuuliza uzito wako, halafu tutazungumza habari za nyuma. La mbele ni mteremko.

Simama nyuma ya baiskeli uchungulie. Gia zimekula nafasi upande wa kulia, kwa hiyo sahani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya upande huo, ile yenye matundu ya spoku, imesukumwa karibu na katikati. Spoku za kulia zinasimama karibu wima, za kushoto zimelala kiasi. Ili rimu, lile duara linaloshika tairi, ikae katikati ya fremu, za kulia hazina budi kuvutwa kwelikweli, na za kushoto hubaki na nusu ya mvuto huo au zaidi kidogo. Zikwaruze kwa ukucha usikie: za kulia zinalia sauti nyembamba, za kushoto nzito.

Sasa panda. Kila spoku inapofika chini, karibu na ardhi, hulegea kidogo kwa uzito wako, ikipita hukaza tena. Kwa tairi la kawaida la barabarani hilo hutokea karibu mara 47,000 katika kilomita 100. Spoku iliyokuwa legelege tangu mwanzo hulegea mpaka mwisho. Nipeli, ile nati ndogo inayoishika spoku kwenye rimu, inaanza kujifungua yenyewe, na shingo ya spoku, pale inapopinda kuingia kwenye habu, inachezacheza bila kupumzika. Chuma huchoka hivyo. Kitakatika siku moja unapanda kilima taratibu, wala hujapiga shimo, na utabaki unashangaa umekosea wapi.

Ndiyo maana naanza na hesabu ya spoku kabla ya kitu kingine chochote. Nyuma 32, kila moja ikikatana na tatu njiani. Mbele 28, na kama una kilo 65 hivi, 24 zinatosha na nyuma unaweza kushuka hadi 28. Kama baiskeli yako ni ya breki za diski, usikubali la mbele lenye spoku zilizonyooka kama miale ya jua: diski inashika habuni, na nguvu ya breki lazima isafiri kwenye spoku hadi kwenye rimu. Zikatane pande zote mbili.

Aina ya spoku watu wengi huikosea kwa kudhani nene ndiyo imara. Chukua zilizopunguzwa tumboni: milimita 2.0 kwenye shingo, 1.8 katikati, 2.0 kwenye nyuzi za nipeli. DT Swiss Competition na Sapim Race ni za namna hiyo. Tumbo jembamba hunyumbuka zaidi kwa mvuto uleule, kwa hiyo gurudumu likibonyea kidogo spoku bado ina mvuto wa akiba, na shingo haipati tabu peke yake. Upande wa kushoto wa nyuma mimi huweka nyembamba zaidi, 1.5 katikati, kwa sababu hiyohiyo. Bapa zinapendeza na zinakata upepo, lakini hakikisha zina shingo ya kawaida na kichwa cha kawaida.

Nasema hivyo kwa uchungu. Niliwahi kununua jozi nyepesi ya kiwandani, spoku 20 mbele na 24 nyuma, zote za umbo la pekee zisizo na shingo. Ikakatika moja ya kulia katikati ya mashindano. Kwa kuwa spoku ni chache, kila moja imebeba mzigo mkubwa; rimu ikayumba mpaka ikawa inasugua fremu, nikamaliza safari ndani ya gari. Hilo ningelisamehe. Kilichonikera ni kwamba spoku moja, kitu cha gramu sita hivi, niliisubiri wiki tano, maana hakuna mwingine anayetengeneza ya aina ile. Tangu siku hiyo swali langu kwa kila kifaa ni moja: kikifa, nitakipata?

Nipeli ziwe za shaba nyeupe au njano, yoyote. Za alumini zina rangi nzuri na huokoa karibu gramu 40 kwa jozi nzima, yaani mafunda mawili ya maji. Chumvi na jasho vikizipata, zinashikana na spoku, na siku ya kunyoosha rimu zinapasuka kwenye spana.

Habu ni kitu cha kununua mara moja. Nyingi za Shimano zinatumia gololi huru na koni, kipande kinachozibana gololi: unafungua, unafuta, unatia grisi mpya, unakaza kwa spana mbili nyembamba. Zikihudumiwa zinaishi miaka, zikipuuzwa koni inachimbika na hakuna dawa. Kama hupendi kazi hiyo, chukua za beringi zilizofungwa. DT Swiss 350 nimeipenda kwa sababu mashine ya ndani ni pete mbili za meno, inafunguka kwa mkono, na inasafishwa kwa dakika chache. Tazama pia mwili unaobeba gia: wa alumini laini huchimbwa na meno ya gia, siku ya kuzitoa hazitoki bila kugongwa.

Rimu naiacha mwisho kwa makusudi, ingawa ndiyo watu huianza. Alumini, gramu 450 hadi 500, upana wa ndani milimita 19 hadi 21 kwa tairi la milimita 28. Ikiwa nyuma utapata yenye matundu yaliyosogezwa kushoto, ichukue bila kuuliza, maana inasawazisha mvuto wa pande zile mbili. Kwa breki za mpira, zinazobana rimu yenyewe, rimu ni kitu cha kuliwa: ina alama ya kuchakaa, kitundu au mfereji, na ikifutika muda wake umekwisha. Basi chagua ambayo utaipata tena ileile. Siku ya kubadilisha unaifunga mpya ubavuni mwa ya zamani kwa utepe, matundu yakitazamana, halafu unahamisha spoku mojamoja. Habu haisogei, urefu haubadiliki, jioni moja kazi imekwisha.

Ukisuka mwenyewe au ukimpa fundi, mvuto wa kulia nyuma uwe kilo 110 hadi 120, usipite kikomo cha mtengenezaji wa rimu. Kisha kamata spoku mbilimbili zilizo sambamba na uzibane kwa nguvu kwa viganja, kuzunguka gurudumu zima, vaa glavu. Utasikia zikilia na kukaa mahali pake. Nyoosha tena, bana tena, mpaka zisilie. Gurudumu lililorukwa hatua hii ndilo linalorudi kwa fundi baada ya kilomita 200.

Urefu wa spoku za mbele, za nyuma kulia na za nyuma kushoto uandike kwa kalamu ya wino mzito juu ya utepe wa ndani ya rimu, chini ya tairi. Mimi hununua mbili za ziada za kila urefu siku ileile, nazifunga pamoja kwa raba, zinakaa ndani ya bomba la kiti.