Jinsi ya Kuchunguza Athari ya Mutesheni Moja katika Umbo la Protini Ndogo: Mfano wa GB1

Ukitaka kuona jinsi mutesheni, yaani badiliko, ya asidi amino moja (kiungo kimoja cha mnyororo wa protini) inavyogusa umbo la protini, anza na GB1, kipande cha protini G ambayo bakteria wa jamii ya Streptococcus huitumia kunasa kingamwili. Kina asidi amino 56 tu, hakina sisteini wala prolini, na mnyororo wake hujikunja ukawa heliksi moja (sehemu iliyojisokota kama springi) iliyolala juu ya nyuzi nne za beta (sehemu zilizonyooka, zilizopangwa ubavu kwa ubavu). Pakua faili 1PGA, yenye umbo lake, kutoka Protein Data Bank, hifadhi ya maumbo ya protini mtandaoni, kisha uifungue kwa ChimeraX au PyMOL, programu za kutazama maumbo hayo.

Hakiki kwanza namba za nafasi. Vipande vinavyotengenezwa maabara mara nyingi huongezewa mkia wa histidini mbele, na namba zikasogea. Anayezichanganya atafasiri matokeo ya nafasi isiyo yake.

Kisha tazama asidi amino uliyoichagua imekaa wapi, kwani hapa ndipo penye kazi yenyewe. Chukua fenilalanini ya 52. Ukiizungusha kwenye skrini utaona pete yake imebanwa kati ya heliksi na nyuzi, bega kwa bega na tairosini ya 3, lusini ya 5 na fenilalanini ya 30, mbali na maji. Ukiweka alanini, asidi amino ndogo, mahali pake (huandikwa F52A: F ni fenilalanini, A ni alanini), panabaki uwazi na kiini cha protini hulegea. Treonini ya 53 ni jirani yake wa karibu kabisa, lakini imeelekea majini, kwa kuwa katika uzi wa beta asidi amino hupokezana pande mbili. Hapo alanini hupunguza uthabiti kwa takriban kilokalori 1 kwa moli, ilhali prolini huuvuruga uzi wenyewe, maana nitrojeni yake haina haidrojeni ya kufungamana na uzi wa jirani.

Baada ya kutazama, pima. GB1 ya asili huyeyuka, yaani hukunjuka na kupoteza umbo, karibu na nyuzi 87 za Selsiasi, kwa hiyo protini yenye mutesheni inayoshusha kiwango hicho kwa nyuzi 15 bado itaonekana nzima kwenye joto la chumba. Pasha sampuli hatua kwa hatua ukifuatilia ishara ya dikroizimu ya mviringo (kipimo cha mwanga kinachoonyesha kama protini bado imejikunja) kwenye nanomita 222, ukachore grafu yote ya kuyeyuka badala ya kutegemea nukta moja.

Usichukulie kupotea kwa unasaji wa kingamwili kuwa ushahidi wa umbo kuharibika. Glutamati ya 27, lisini ya 31 na triptofani ya 43 hugusana na kingamwili moja kwa moja. Ukizibadilisha, unasaji unaweza kufifia hata kama mkunjo umesalimika. Wala usitosheke na AlphaFold, programu ya kutabiri maumbo ya protini, ambayo mara nyingi humpa mutanti (protini iliyobadilishwa) umbo lilelile la asili hata pale protini imedhoofika.

Kwa kawaida umbo hulegea tu, halibadiliki kuwa jingine. Kipo kisa cha nadra, kilichochapishwa mwaka 2009, cha protini mbili zilizobuniwa, GA98 na GB98, zenye asidi amino 56 kila moja na zinazotofautiana katika nafasi ya 45 peke yake: yenye lusini hujikunja kuwa heliksi tatu, na yenye tairosini huchukua mkunjo wa GB1.