Unakwenda Nakuru Desemba? Funga Maji ya Uingereza Kwanza

Kabla hujalipia tiketi ya Krismasi, toa mkataba wa bima ya nyumba yako ya Uingereza na usome sehemu inayohusu nyumba isiyokaliwa. Usitosheke na ule muhtasari wa ukurasa mmoja. Soma mkataba wenyewe. Mikataba mingi huku huweka kikomo cha siku 30 mfululizo, mingine 60. Kikomo kikipita bila mtu kuishi ndani, kwa kawaida fidia ya maji yanayotoka kwenye bomba lililopasuka hukatika. Huletewi barua, hupigiwi simu. Pesa ya bima itaendelea kutolewa benki kila mwezi, nawe utaamini kwamba umekingwa.

Mimi nilikwenda Bahati, kaunti ya Nakuru, kuzika. Baada ya mazishi ikaja kesi ya mirathi, na kila mwenye kesi ya shamba Nakuru anajua jinsi tarehe za korti zinavyosogezwa. Nikasogeza tiketi nayo. Nyuma Uingereza baridi ikakaza, bomba la darini likapasuka, dari ikaanguka kitandani na maji yakashuka hadi sebuleni. Kampuni ya bima haikubisha hata kidogo kuhusu ukubwa wa hasara. Ilichotaka ni tarehe za safari. Wakahesabu siku, wakaandika barua ya kukataa, basi.

Hesabu siku zako. Hesabu tena ukisogeza tiketi, maana hapo ndipo wengi wetu tunanaswa. Hakuna anayetoka Manchester akipanga kukaa Kisumu miezi miwili. Unakwenda wiki tatu, kisha mzee analazwa, au kikao cha mahari kinaahirishwa, au fundi anakwama kwenye linta na humwamini ukiwa mbali. Siku zinajiongeza.

Sisi tuliokulia Nakuru, Kisumu au Kakamega hatuogopi bomba kupasuka, na tuna sababu. Maji ya mgao huja kwa siku zake. Likipasuka bomba, tangi linaisha, sakafu ya simenti inapigwa deki, fundi anaitwa. Uingereza maji hayakatiki. Msukumo wa bomba kuu la barabarani uko pale usiku na mchana, na bomba lililopasuka litamwaga wiki nzima kama hakuna wa kulifunga. Ndani ya nyumba ni mbao, zulia na dari ya jasi, vitu vinavyonyonya maji na kuota ukungu.

Halafu kuna kuganda. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari na usiku tunajifunika blanketi mbili, lakini mabomba hayagandi. Maji yakigeuka barafu hutanuka kwa takriban asilimia 9, na maji yaliyobanwa kati ya barafu na koki iliyofungwa hupandisha shinikizo mpaka bomba linaachia. Ufa huo unaweza kukaa kimya wakati wa baridi kali, kisha ukaanza kumwaga barafu ikiyeyuka. Kwa hiyo jirani akikwambia "theluji imeisha, kuko sawa," usitulie.

Kazi yenyewe ni ndogo. Funga koki kuu, ambayo mara nyingi iko chini ya sinki ya jikoni, fungulia mifereji yote mpaka ikauke, acha boila, ile mashine ya kupasha nyumba joto, ikiwaka kwa nyuzi 12 hadi 15 za Selsiasi, na uache wazi mlango wa darini ili joto lipande.

Sasa turudi kwenye bima: waandikie kabla ya kusafiri. Andika barua pepe, usipige simu, ili jibu lao libaki kwako. Waambie tarehe za kwenda na kurudi, uliza masharti yao, na ukisogeza tiketi waandikie tena siku hiyohiyo. Wengine watakubali kuongeza muda kwa sharti kwamba maji yafungwe na mtu akague nyumba kila wiki. Binamu kupitia kuchukua barua mlangoni hakuifanyi nyumba iwe inakaliwa. Mikataba mingi hutaka mtu alale humo. Ukiwa mpangaji, mjulishe mwenye nyumba, na ujue kwamba bima yake hailipii makochi wala televisheni yako.

Nanyi shangazi na wajomba zetu mlioko nyumbani, tunawapenda, lakini lile neno "ongeza wiki mbili tu, nyumba ya Ulaya haina shida" liacheni. Nyumba ya huku ina shida zake, na deni la benki linalipwa iwe kavu au imelowa. Mtu akisema lazima arudi tarehe fulani, msimwone ana kiburi.

Na hapa nitasema lililo moyoni. Nimeishi vizuri na Waingereza, ni watu wa adabu, lakini adabu yao inamwacha mtu peke yake. Jirani yangu aliona maji yakitoka chini ya mlango na hakugonga wala kumwita mtu, kwa sababu si nyumba yake. Bahati, jirani angeruka ua na kutafuta koki kwanza, maelezo baadaye. Nchi ambayo jirani haingilii inabaki na karatasi kuwa ndiyo mlinzi, na karatasi inasoma tarehe tu. Basi tafuta mtu wako mwenyewe wa kushika ufunguo, mwonyeshe koki kwa mkono, si kwa picha.

Kama umeshakataliwa, lalamika kwa maandishi kwa kampuni yenyewe. Ina wiki 8 kukujibu. Zikipita, au ukipewa jibu la mwisho usiloridhika nalo, peleka shauri Financial Ombudsman Service, chombo huru cha Uingereza kinachoamua malalamiko dhidi ya benki na bima, ndani ya miezi 6 tangu barua hiyo ya mwisho. Ni bure, huhitaji wakili. Mazulia yaliyolowa usiyatupe kabla mtathmini hajayaona, na piga picha za kila chumba.

Na kama unasoma haya ukiwa tayari Nakuru na siku zako zinakaribia kikomo, mpigie mwenye ufunguo leo. Afunge koki, afungulie mifereji, na kama anaweza, alale hapo mpaka urudi. Wakati anafanya hivyo, wewe waandikie bima.