Kabla hujakubali kuwekewa chuma kwenye kifundo cha mkono kilichovunjika

Vua pete sasa hivi, vidole havijavimba. Taja dawa zote unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda. Sigara acha, inachelewesha mfupa kuunga. Dole gumba, cha shahada na cha kati vikifa ganzi na ganzi ikazidi, usingoje kliniki: mshipa wa fahamu umebanwa, ni dharura.

Halafu uliza: mfupa ulipovutwa ili unyooke, ulirudi mahali pake na kutulia? Ukitulia, plasta inaweza kutosha, ila picha irudiwe wiki ya kwanza na ya pili, maana huo ndio muda wa mfupa kuteleza.

Usipotulia, chuma utakachotajiwa ni waya, bamba au fremu ya nje. Waya ni nyembamba, unene kama milimita 1.6, huwekwa mbili au tatu, zinapitishwa kwenye ngozi kisha plasta juu. Hung'olewa kati ya wiki ya nne na ya sita. Zinapotokeza nje zinaweza kuleta usaha, na mfupa mlaini uliosagika hauzishiki vizuri. Ila usizidharau. Nchini Uingereza, utafiti wa DRAFFT wa mwaka 2014 ulilinganisha waya na bamba kwa watu wazima 461 ambao mfupa wao ulipinda kuelekea mgongo wa mkono. Baada ya miezi 12, matumizi ya mkono hayakutofautiana kwa maana. Waliohusishwa ni wale ambao kiungo chao kiliweza kunyooshwa bila kupasuliwa, zingatia hapo.

Bamba la skrubu hufungwa upande wa kiganja. Ndilo la kupigania pale uso wa kiungo ulipopasuka na vipande havikai kwa kuvutwa, na hukuruhusu kuanza kukunja kifundo mapema. Fremu ya nje, yaani vyuma vinavyoushika mfupa kutoka nje ya ngozi, ni ya kidonda kilichochafuka au mfupa uliosagika; ikivutwa kupita kiasi, vidole vinakakamaa.

Sasa sikiliza hili la bamba, kwa sababu huwakuta watu wakiwa wameshasahau upasuaji. Mfupa umeunga, picha nzuri, miezi imepita. Siku moja unashika ufunguo na ncha ya dole gumba haikunji. Hakuna kilichoanguka wala kugonga. Bamba lilikaa mbele mno, karibu na ukingo wa kiungo, na kano ya kukunja dole gumba imekuwa ikisuguana nalo kila siku hadi ikakatika. Upande wa mgongo wa mkono, skrubu iliyotokeza milimita moja au mbili tu huikata kano ya kunyanyua dole gumba, na picha ya kawaida ya ubavuni inaweza kuificha. Kwa hiyo uliza urefu wa skrubu ulihakikishwaje. Ukisikia mkwaruzo au maumivu ukikunja dole gumba, rudi upesi, chuma kitolewe kano ikiwa bado nzima.

Njia yoyote uliyopewa, kunja na kunjua vidole kuanzia siku ya kwanza, ngumi kamili, mara nyingi kwa siku. Mkono uwe juu ya moyo. Kiwiko na bega navyo vitembezwe. Plasta ikibana au maumivu yakizidi badala ya kupungua, nenda usiku huohuo.