Funga bampa kwenye gari kabla ya kupeleka kromu

Wenye Volkswagen Beetle za zamani, hili nimelijua juzi na lingeniokolea pesa nyingi: bampa ikishanyooshwa, ifunge kwanza kwenye gari ikiwa bado chuma kitupu, kaza bolti zote, ndipo uifungue uipeleke kupakwa kromu, ile madini ya kung'aa. Simama mbele ya gari, pitisha kidole kati ya bampa na madigadi, kulia na kushoto. Upande mmoja kidole kikipita na mwingine kikikwama, rudi kwa fundi bodi siku hiyo hiyo.

Sababu ni hii. Kromu ni ngozi nyembamba mno juu ya nikeli, ngumu lakini haikunjiki. Ukigonga au kupinda bampa iliyokwisha kung'arishwa, inapasuka nyufa ndogo kama nywele, maji yanapenya, na kutu inaanzia ndani. Usisahau pia kwamba bampa za Beetle zilibadilika kuanzia modeli ya 1968, vishikizo vyake ni tofauti na vya modeli za kabla yake, kwa hiyo bampa ya kuokoteza ijaribiwe mapema zaidi.

Haisaidii kama chuma kimeliwa na kutu hadi kutoboka; kusuguliwa kwa ajili ya kromu kutakimaliza kabisa, tafuta nyingine. Na ukinunua mpya iliyokuja na kromu yake, usiiguse kwa nyundo hata kidogo. Legeza vishikizo, ongeza washa (vile vipete vya bolti) nyuma yake mpaka ikae sawa.